Mtoto Akidhuriwa Malindi: Mwongozo Kamili wa Njia ya Sheria, Kutoka Nyumbani Hadi Mahakamani

Jioni moja niliitwa nyumba moja upande wa Barani. Nilikuta wazee wanne wamekaa jamvini, mama wa mtoto amejikunyata mlangoni, na katikati ya jamvi pamewekwa bahasha. Binti mwenyewe, wa gredi ya sita, alikuwa nyuma anaosha vyombo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Ilikuwa siku ya tano tangu adhuriwe na mtu wa karibu wa familia. Bahasha ilirudishwa na kesi ikafunguliwa, lakini siku tano zilikuwa zimeshakula ushahidi, na dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haikufaa tena kumpa.

Naandika mwongozo huu kwa sababu ya siku tano zile. Sheria za Kenya zinazomlinda mtoto ni kali na zimeandikwa vizuri. Zinachokosa ni mtu mzima wa kuziamsha kwa wakati. Basi nitaeleza njia hatua kwa hatua, kama ninavyomweleza mama aliyenijia asubuhi akitetemeka.

Sheria inamwita nani mtoto

Katiba ya 2010 inasema mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Si suala la kuvunja ungo, si kuota ndevu, si kumaliza shule. Kifungu cha 53 kinampa haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa, mila zenye madhara, ukatili wa kila aina na kazi za kumnyonya, kisha kinasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake yatangulie. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, ndiyo inayoeleza namna ya kuyatimiza hayo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ndiyo yenye meno: humo ndimo zilimo adhabu.

Hizo tatu zikumbuke. Nyingine tutazitaja tukifika mahali pake.

Hatua ya kwanza: sikiliza, usihoji

Mtoto akikuambia, mwache aseme kwa maneno yake. Usimtajie jina la mtu, usimuulize "ni fulani, sivyo?" Wakili wa mshtakiwa atakuja kusema mtoto alifundishwa, na swali lako la pupa litakuwa limempa nafasi. Muulize mawili matatu tu: nini kimetokea, lini, nani. Mwambie hana kosa, kwa sababu karibu kila mtoto huamini kwamba analo. Usimwite jirani aje asikie. Usimfanye arudie hadithi kwa shangazi, kwa bibi, kwa ustadh. Kila akirudia anaumia upya, na maneno yanabadilika kidogo kidogo.

Kama umeona alama tu na mtoto hasemi, nalo linatosha. Kuogopa ghafla kurudi nyumbani, kukojoa kitandani mtoto aliyekwisha kuacha, kutembea kwa shida, simu mpya isiyojulikana imetoka wapi. Si lazima uwe na uhakika ndipo useme. Uhakika ni kazi ya mpelelezi. Na si lazima uwe mzazi. Jirani, mwalimu, dereva wa tuktuk, muuza duka: yeyote mwenye sababu ya kuamini kwamba mtoto yumo hatarini anaweza kupeleka habari.

Hatua ya pili: hospitali, ndani ya saa 72

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, nami naomba uvumilie nikiipa nafasi kubwa.

Kama mtoto amedhuriwa kingono, usimwogeshe. Najua ni jambo la kwanza ambalo mkono wa mama unataka kufanya, hasa kwetu ambako maji ndiyo tohara. Mwache. Usimbadilishe nguo, na kama amekwisha badilisha, chukua zile za mwanzo bila kuzifua uzitie kwenye mfuko wa karatasi, kama ule wa kaki wa dukani. Usitumie mfuko wa plastiki: unyevu unafungika humo, ukungu unaingia na ushahidi unaharibika. Nguo ikiwa mbichi, ianike kivulini kwanza.

Kisha hospitali. Walio Malindi mjini, Shela, Maweni, Muyeye au Kisumu Ndogo, ni Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Malindi. Walio Lango Baya, Jilore au Baricho waanzie zahanati iliyo karibu, wasingoje gari la kesho. Ndugu zetu wa Lamu walio Faza au Kizingitini, ambao safari yao ni ya mashua na hungoja maji yajae, nao waanzie kituo cha afya cha kisiwani kabla ya kuvuka kwenda Amu, yaani Lamu mjini.

Saa 72 zina sababu yake. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima ianze ndani ya muda huo, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Humezwa siku 28 bila kukatiza. Kwa msichana aliyekwisha kupata hedhi, dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri zaidi. Matibabu haya ni bure katika hospitali ya umma. Sheria ya Makosa ya Kingono imeyaweka wazi katika kifungu cha 35. Ukiambiwa ulipe kwanza, taja kifungu hicho kwa adabu, na uombe kuonana na msimamizi wa zamu.

Jambo jingine: si lazima uanze polisi ndipo utibiwe. Nimeona mama anarudishwa getini akaambiwa akalete P3 kwanza. Si sahihi. Mtoto anatibiwa, karatasi zinafuata.

Karatasi zenyewe ni mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni fomu ya huduma baada ya ubakaji, ambayo wengi huiita PRC. Inajazwa hospitalini siku ile ile, na inaandika hali ya mtoto, sampuli zilizochukuliwa na dawa alizopewa. Ya pili ni P3, fomu ya polisi, ambayo hujazwa na daktari au afisa wa kliniki, nayo hutumika kwa majeraha ya kila namna, hata ya kupigwa. Fomu hizi mbili husaidiana kortini. Kabla hujaondoka, soma kama jina la mtoto, umri na tarehe vimeandikwa sawasawa. Herufi moja ya jina ikikosewa, itakuja kuulizwa mbele ya hakimu.

Hatua ya tatu: polisi, na namba ya OB

Kituoni, omba kupelekwa dawati la jinsia na watoto. Ni haki yako kuomba mtoto azungumze na afisa mwanamke, na asihojiwe kaunta mbele ya watu. Wewe au mtu mzima anayemwamini mkae naye, isipokuwa mtu huyo ndiye anayeshukiwa.

Usitoke bila namba ya OB. Hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba malalamiko yako yameandikwa kwenye kitabu cha matukio, na ina tarehe na saa. Iandike kwenye karatasi na kwenye simu, na umtumie ndugu mmoja unayemwamini. Andika pia jina la afisa na la mpelelezi atakayepewa jalada. Taarifa yako ikimalizika kuandikwa, isomewe kwa lugha unayoielewa. Kama mama anaielewa zaidi Kigiriama, aseme, apatikane wa kumfasiria. Sahihi yako ni neno lako. Usiitie kwenye maneno usiyoyasikia.

Jalada likilala, nenda kwa mkuu wa kituo. Likizidi kulala, iko ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na iko IPOA inayosikiliza malalamiko dhidi ya polisi. Huhitaji wakili kuwaandikia. Barua yenye namba ya OB na tarehe inatosha.

Hatua ya nne: afisa wa watoto

Watu wengi hawajui kama yupo. Kila kaunti ndogo ina afisa wa watoto, chini ya Idara ya Huduma za Watoto, na kazi yake ni tofauti na ya polisi. Polisi anamtafuta aliyekosa. Afisa wa watoto anamtazama mtoto atalala wapi leo.

Kama mtenda yumo humo humo nyumbani, afisa huyu anaweza kumtoa mtoto na kumpeleka mahali salama, kisha akaenda mahakama ya watoto kuomba amri. Si lazima awe wa kupelekwa makao ya watoto. Sheria ya 2022 inataka familia itafutwe kwanza: nyanya, mjomba, au mlezi wa kambo. Kwa Waislamu, sheria hiyo imeitambua kafala, yaani kumchukua mtoto na kumlea bila kumbadilisha ukoo. Jambo hili lilinifurahisha sana, maana pwani tumelea watoto wa wenzetu hivyo tangu zamani, na leo lina mahali pake katika sheria.

Kama huwezi kufika ofisini, piga 116. Ni namba ya watoto, haina malipo, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kwa dhuluma za kijinsia iko pia 1195, nayo bure.

Kuhusu bahasha ile

Kesi nyingi nilizoziona zikifa, zilifia jamvini. Baba wa kijana anakuja na wazee, inazungumzwa heshima ya ukoo, aibu ya binti, nani atamwoa, na mwisho inatajwa mbuzi au shilingi. Hayo yanaitwa maslaha. Neno hilo na lile la Katiba, maslahi ya mtoto, shina lake ni moja, na ndiyo maana linaniuma. Katika maslaha nilizozishuhudia, mwenye maslahi hayumo jamvini. Anaosha vyombo.

Sheria iko wazi. Kesi ya kingono si mali ya mzazi hata aiuze. Kuacha kuendelea na mashtaka ni uamuzi wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, tena kwa ruhusa ya mahakama. Mzee wa mtaa hana uwezo huo, wala chifu, wala imamu, wala mchungaji. Zaidi ya hayo, Kanuni za Adhabu katika kifungu cha 118 zinamhesabu kuwa mkosaji mtu anayepokea kitu ili afiche kosa kubwa. Aliyetoa bahasha na aliyeipokea wote wawili wako pabaya.

Ukiwa mama uliyezungukwa na wakwe wanaokusukuma, usibishane nao. Sema: "Jambo limeshafika polisi, si langu tena." Nimewafundisha wengi sentensi hii na imewasaidia, kwa sababu inakuondolea mzigo wa kukataa. Wakikutishia, mwambie mpelelezi na kiongozi wa mashtaka mara moja. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana akiwafuata mashahidi, dhamana hiyo yaweza kufutwa.

Na wazee ninaowaheshimu wana kazi yao nzuri: kumtunza mama yule, kumtafutia nauli ya kortini, kuwanyamazisha wanaomsema binti msikitini na kisimani.

Pwani, nyumba za wageni na disco matanga

Malindi ina mambo yake. Watoto wanauza vikuku ufuoni, wanaalikwa soda, wanaalikwa simu, mwisho wanaalikwa ndani. Mgeni mwenye kufanya hivyo hana sheria ya peke yake. Anashtakiwa hapa kama mwenyeji. Na si yeye tu. Sheria ya Makosa ya Kingono ina kifungu cha utalii wa ngono na watoto, ambacho kinamgusa hata anayepanga safari hiyo: kifungo kisichopungua miaka 10, na ikiwa aliyekosa ni kampuni, faini isiyopungua shilingi milioni 2. Mwenye nyumba au msimamizi anayejua na kuruhusu mtoto akae humo kwa ajili ya jambo hilo, miaka isiyopungua 10. Hii nawaambia hasa walinzi na wapishi wa vila, ambao huona kila kitu: kukaa kimya kulinda kibarua kwaweza kukugeuza mshtakiwa. Piga 116, si lazima utaje jina lako.

Picha za uchi za mtoto, kuzipiga, kuzihifadhi au kuzisambaza kwenye simu, ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018, na adhabu inafika miaka 25. Zikikufikia kwenye kundi la WhatsApp usizitume mbele hata "kama ushahidi". Peleka simu yenyewe kituoni.

Disco matanga, yaani dansi za usiku penye msiba, serikali imezipiga marufuku mara kwa mara, na bado usiku muziki unasikika. Mzazi hahitaji sheria kumzuia mwanawe, lakini mwenye kuiandaa aripotiwe kwa chifu kabla ya usiku kuingia.

Ndoa

Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema miaka 18, kwa dini zote na mila zote. Anayemwoa aliye chini ya hapo anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Na kwa kuwa mtoto hawezi kutoa idhini, mume huyo anaweza pia kushtakiwa kwa unajisi, yaani kosa la kufanya ngono na mtoto, ambao adhabu yake ni kubwa kuliko hiyo. Kadhi ana mamlaka aliyopewa na Katiba kwa Waislamu, katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kesi ya jinai si yake. Ukisikia posa ya binti wa miaka 15, mtafute afisa wa watoto kabla ya siku ya nikaha. Mahakama ya watoto inaweza kuizuia.

Shule na madrasa

Kiboko hakiruhusiwi. Katiba inakataza adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtoza mwalimu faini hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi miezi 6. Ngozi ya mtoto ni ile ile akiwa darasani au chuoni, na ustadh aliyemjeruhi mwanafunzi anashtakiwa kama mtu mwingine yeyote. Mwalimu anayetumia nafasi yake kumtaka mtoto, aripotiwe polisi na kwa Tume ya Kuajiri Walimu. Kumhamisha shule nyingine ni kulihamisha balaa tu.

Hatua ya tano: mahakamani

Kesi zitasikizwa Mahakama za Malindi, na jengo hilo hutisha hata mtu mzima. Mpeleke mtoto siku moja kabla, aone mlango, aone viti, ajue choo kiko wapi.

Katika kesi ya unajisi, mashtaka yanapaswa kuthibitisha mambo matatu: umri wa mtoto, kwamba tendo lilifanyika, na kwamba aliyelitenda ni huyu. La kwanza ndilo familia inaweza kulisaidia zaidi. Tafuta cheti cha kuzaliwa. Kama hakuna, kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, au barua ya shule. Vikikosekana vyote, daktari hupima umri kwa meno. Umri una uzito kwa sababu adhabu inafuata umri. Mtoto wa miaka 11 kushuka chini, kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Wa 16 na 17, kisichopungua miaka 15. Mahakama ya Juu, mwezi Julai 2024, ilisema viwango hivi vya chini ni halali, na mahakama za chini zisivipunguze.

Mshtakiwa akisema "alikubali", hakumsaidii kitu, kwani idhini ya mtoto si utetezi. Akisema alidanganywa umri, itambidi aeleze alifanya nini kuutafuta ukweli.

Wazazi huniuliza: kama hakuna aliyeona? Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mshtakiwa atiwe hatiani kwa neno la mtoto peke yake katika kesi za kingono, hakimu akiridhika kwamba mtoto anasema kweli na akaandika sababu zake. Mtoto mdogo ataulizwa kwanza maswali mepesi kuona kama anaelewa maana ya kusema kweli. Usimkaririshe majibu. Anaweza kutoa ushahidi faraghani, nyuma ya pazia asimwone mshtakiwa, au kupitia msaidizi anayemfikishia maswali. Hayo yaombwe kwa kiongozi wa mashtaka mapema, si asubuhi ya kesi. Jina na picha yake havitangazwi.

Kesi itaahirishwa. Hilo lijue mapema lisikuvunje moyo. Andika kila tarehe, na nenda kila tarehe, kwa sababu shahidi akikosekana mara kwa mara, kesi yaweza kufungwa. Nauli ikikushinda, mwambie afisa wa watoto, na uulizie huduma ya serikali ya msaada wa kisheria.

Mtoto akiwa ndiye aliyekosa

Naye sheria inamlinda. Tangu 2022, aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa jinai. Walio zaidi ya hapo hawawekwi pamoja na watu wazima, na kuwafunga ni hatua ya mwisho kabisa. Mzazi ukisikia mwanao yuko seli, nenda na cheti chake cha kuzaliwa.

Matunzo

Baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Ombi la matunzo hufunguliwa mahakama ya watoto, na afisa wa watoto anaweza kuwakutanisha wazazi kabla ya hapo. Hapa maslaha yana nafasi yake, mradi yaandikwe na kutiwa sahihi.

Baada ya hukumu

Aliyehukumiwa ana siku 14 za kukata rufaa, na rufaa husikizwa Mahakama Kuu hapa hapa Malindi. Msishtuke mkisikia. Hifadhini nakala za kila karatasi.

Mtoto aendelee kupata ushauri nasaha hospitalini hata kama anaonekana mzima. Na kama amebeba mimba, shule yake haijaisha: miongozo ya serikali ya 2020 inamruhusu kusoma akiwa mjamzito na kurudi baada ya kujifungua. Mwalimu mkuu akimkataa, mpeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ukiwa na barua ya hospitali. Binti yule wa Barani tulimrudisha hivyo, shule nyingine, muhula wa pili, na sare tuliyochangiwa na wale wale wazee wa jamvini.